Namna ya kujua kama sheria ya usalama kazini inakuhusu nchini Kenya

Anza kwa kuuliza kama kuna mtu anayefanya kazi mahali pale, awe wa kudumu au kibarua wa siku moja, kwa kuwa Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inahusu sehemu zote za namna hiyo, wala si viwanda pekee kama wengi wanavyodhani (labda kwa sababu sheria iliyotangulia ilibeba jina la viwanda). Kisha watazame wasioajiriwa: mteja dukani na mpita njia chini ya jukwaa la mafundi nao wanalindwa dhidi ya hatari zitokanazo na kazi hiyo. Aliyejiajiri ana wajibu pia. Wafanyakazi wakifika 20, kamati ya usalama ni lazima iundwe.