Giaboksi ya lori ikimwaga oili ghafla njiani

Wakuu, somo hili linawahusu madereva wa Canter, Fuso na malori makubwa ya gia za mkono. Giaboksi nyingi haziuawi na uvujaji wenyewe. Zinakufa kwa sababu dereva "alijikongoja mpaka mji wa mbele", au alisimama vizuri kisha akavutwa vibaya. Hela kubwa inaangukia hapo.

1. Simama mapema. Malori mengi ya gia za mkono hayana taa ya kukuambia oili ya gia imeisha. Utasikia gia zinagoma kuingia, mlio wa kuvuma unaobadilika kila ukibadili gia, na harufu kali ya oili iliyoungua. Kama uko juu ya mteremko mkali kama Kitonga au Sekenke, usiseme utasimama chini. Gia ikichomoka katikati ya mteremko, injini haikushikilii tena, umebaki na breki peke yake. Weka pembetatu mbele na nyuma, na utingo aweke weji (kabari) kwenye matairi kabla mtu hajaingia chini. Matawi ya miti si mbaya kuongezea, ila ukiondoka ondoka nayo, pamoja na mawe! Oili iliyomwagika kwenye lami ifunike kwa mchanga, maana bodaboda anayekuja nyuma haioni.

2. Hakikisha ni oili ya gia. Ya gia za mkono ni nzito, rangi ya asali au kahawia, na mara nyingi inanuka kama kiberiti. Nyeusi tii kwenye lori la dizeli ni ya injini. Nyekundu mara nyingi ni ya usukani au ya giaboksi ya otomatiki.

3. Tafuta inapotokea. Upepo wa safari hupeleka oili nyuma, kwa hiyo sehemu iliyolowa zaidi siyo lazima iwe ndiyo inayovuja. Futa kwa tambara, kisha angalia sehemu ya juu kabisa na ya mbele kabisa inayolowa upya. Anza na nati ya chini ya kumwagia oili, maana hulegea au kudondoka kabisa. Halafu angalia sili ya nyuma (mpira wa kuzuia oili), pale propela, yaani shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu, inapofungwa. Oili ikidondoka kutoka kwenye nyumba ya klachi, inaweza kuwa sili ya mbele, na klachi itaanza kuteleza. Mwisho papasa mwili wa giaboksi kama una ufa wa jiwe au wa propela iliyokatika.

Wenye Canter na malori madogo ya aina hiyo: ngoma ya handibreki mara nyingi iko nyuma ya giaboksi. Sili ya nyuma ikifa, oili inaingia humo na handibreki haishiki. Ndiyo maana nimetaja weji mwanzo.

4. Pima kilichobaki. Acha ipoe, lori liwe sehemu tambarare, fungua nati ya kujazia iliyo ubavuni na uingize kidole. Oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu. Kidole kikitoka kikavu, injini usiwashe.

5. Ziba. Nati ya chini ikiwa imepotea, angalia ile ya ubavuni: kwenye giaboksi nyingi zina saizi moja. Ihamishie chini, jaza oili, kisha tundu la ubavuni lizibe kwa kigingi cha mti mgumu kilichochongwa vizuri. Huko juu hakuna uzito wa oili, kigingi kitakaa. Ufa usafishe kwa petroli, ukauke kabisa, ndipo upake gundi ya chuma ya kuchanganya na uisubiri igande. Sabuni ya mche inasaidia tone, siyo mchirizi. Sili haina dawa ya barabarani: utajaza, utatembea taratibu, utasimama kupima.

6. Oili ya kuokolea. Kama oili ya gia haipatikani, oili ya injini, namba 40 kwa mfano, inaweza kukufikisha gereji kwa gia za mkono. Baadaye imwage na uweke iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Usiweke GL-5 mahali palipoandikwa GL-4 (hizi ni alama za daraja la oili ya gia), maana baadhi yake hula shaba za ndani.

7. Kuvutwa. Shafti ya chini ndiyo inayorusha oili ndani ya giaboksi, na inazungushwa na injini. Ukivutwa injini ikiwa imezimwa na gia iko huru, magurudumu yanazungusha shafti kuu kupitia propela, lakini shafti ya chini imelala. Beringi za juu zinasagika kavu hata kama giaboksi imejaa! Kwa hiyo fungua propela upande wa difu, weka alama ya chaki kwenye flenji (kiungo cha boliti) ili irudi ilivyokuwa, na uifunge juu au uitoe kabisa. Kumbuka, kwenye Canter ukishatoa propela handibreki haina kazi, hata kama ni nzima.

MASWALI YA WANACHAMA

*Fundi, hapa Eldoret nabadilisha sili ya nyuma na baada ya muda mfupi inavuja tena. Nauziwa feki?*

Inawezekana, lakini kwanza safisha kipumulio juu ya giaboksi. Kikiziba kwa tope, hewa ya moto haina pa kutokea, inasukuma oili kwenye sili. Kisha pitisha ukucha kwenye flenji: ukikwama kwenye mfereji, sili yoyote italiwa. Tikisa na krosi za propela.

*Shikamoo fundi. Tipa langu linatoa oili kwenye kipumulio, na tenki la hidroliki linapungua.*

Marahaba. Sili ya pampu ya hidroliki iliyofungwa kwenye PTO (kifaa kinachochukua nguvu kutoka giaboksi) imekufa, oili ya kuinulia bodi inaingia kwenye giaboksi. Hapo giaboksi imejaa kupita kiasi. Badilisha sili, kisha mwaga oili yote ya gia, maana imeshachanganyika.

*Mkuu, lori langu halina pedali ya klachi. Hayo ya oili ya injini yananihusu?*

Hapana. Opticruise ya Scania na I-Shift ya Volvo ndani ni gia kama za mkono, zinabadilishwa na kompyuta na upepo, lakini fuata oili ya kitabu tu. Propela bado inatolewa ukivutwa, na breki za maspring nyuma zinahitaji upepo ili ziachie.

*Nimetembea kama kilomita kumi kavu. Nitajuaje kama imeharibika?*

Angalia sumaku ya nati ya chini. Unga laini wa kijivu ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvishika kwa vidole, ishushe giaboksi.