Kabla ya Kulipia Nyumba ya Mlimani Mwanza

Anayehamia Mwanza kikazi hushawishika kirahisi kupanga nyumba ya mlimani, kwa kuwa kodi huwa nafuu na ziwa huonekana vizuri ukiwa barazani. Kabla ya kulipa kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, kama wenye nyumba wengi wanavyotaka, ni vyema ukapanda hadi kwenye nyumba hiyo siku ya kazi, asubuhi na mapema, ukiwa umevaa viatu vyako vya ofisini, kisha ukateremka hadi kituo cha daladala ukiangalia saa, maana njia nyingi za Igogo na Mabatini hupenya kati ya mawe makubwa na ngazi zisizolingana, na mvua ikinyesha huteleza mno. Mara nyingi bodaboda nayo huishia chini. Waulize wapangaji, si dalali (yeye anauza mandhari), maji hutoka siku zipi na kama msukumo huyafikisha juu. Ukikuta madumu yamepangwa mlangoni, jibu umelipata. Samani nzito zitapandishwa mabegani, hivyo patana bei na wabebaji kabla gari halijashusha mzigo.