Soma mkataba wa timu kabla hujashika kalamu

Dirisha kubwa la usajili, kile kipindi cha timu kusajili wachezaji kabla ya msimu, likifunguliwa, vijana huanza kumiminika dukani kwangu hapa Chikongola, Mtwara, kutoa kopi. Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, picha ndogo zenye mandhari ya buluu. Nikimwona kijana ana karatasi hizo mkononi na viatu vya mpira vinaning'inia begani, najua kuna timu imemwita. Nampa hongera, kisha namwuliza: mkataba wenyewe uko wapi? Wengi hunijibu vilevile: "Upo kwa katibu, kaka."

Jibu hilo huniuma kwa sababu niliwahi kulitoa mwenyewe. Nilikuwa na miaka 20, nacheza winga ya kulia, na timu moja ya daraja la chini nje ya mkoa ikanitaka. Nilisaini juu ya boneti ya gari, saa nane ya mchana, karatasi imeshikiliwa na chupa ya maji isipeperuke. Penye muda wa mkataba palikuwa na vinukta vitupu. Nikaambiwa vitajazwa ofisini. Mimi kichwani nilikuwa na kitu kimoja tu, fedha ya usajili nimtumie mama Ligula. Dirisha dogo, lile la katikati ya msimu, lilipofika, timu nyingine ikanihitaji na mimi nilijua nimesaini mwaka mmoja. Karatasi ilipotolewa kabatini, saini yangu ilikuwa ya wino mweusi, na penye vile vinukta pameandikwa "miaka mitatu" kwa wino wa buluu. Sikuwa na nakala. Nilikaa nje msimu wote uliobaki, na mguu wa winga ukikaa miezi minane haurudi ulivyokuwa.

Kwa hiyo naandika haya kwa kijana wa Mtwara na Lindi anayetoka mchangani, na kwa mzazi wake. Mpira wa huku si wa ndondo peke yake tena. Ndanda walipanda Ligi Kuu mwaka 2014 na uwanja wa Nangwanda Sijaona ukawapokea Simba na Yanga. Namungo ya Ruangwa, katika msimu wake wa kwanza Ligi Kuu, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania mwaka 2020, kisha ikacheza Afrika. Fedha ipo, na fedha inatembea na karatasi.

Anza na nafasi tupu. Pitisha kidole mstari kwa mstari, na kila penye vinukta ambapo hapana maandishi, mwombe katibu ajaze mbele yako. Kama sehemu haikuhusu, ipigwe mstari na nyote wawili mtie saini pembeni yake. Mkataba wa mchezaji unatakiwa uwe na tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha, siku, mwezi na mwaka. "Msimu mmoja" peke yake haitoshi, maana msimu huweza kusogezwa mbele. Tia saini fupi chini ya kila ukurasa, siyo ule wa mwisho tu, ili ukurasa wa katikati usije ukabadilishwa.

Kuhusu urefu, kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji zinaweka mipaka: mkataba usiwe mfupi kuliko muda uliobaki wa msimu, wala usizidi miaka mitano. Mchezaji aliye chini ya miaka 18 asifungwe zaidi ya miaka mitatu, na mzazi au mlezi wake lazima asaini pamoja naye. Huku kwetu mwenye kauli juu ya mtoto mara nyingi ni mjomba. Mjomba aje, tena akae mbele, lakini hakikisha anayesaini ndiye anayetambulika kama mlezi. Kama mama yupo, mama naye asaini.

Halafu fedha. Hapa ndipo maneno ya mdomo yanapopoteza watu. Fedha ya usajili ni kitu kimoja, mshahara ni kitu kingine, posho ya mechi na bonasi ya ushindi ni vingine tena. Kila kimoja kiwe na tarakimu yake, na tarehe ya kulipwa. "Mshahara utalipwa kila mwezi" haisemi lini. "Tarehe 5 ya kila mwezi" inasema. Fedha ya usajili ikigawanywa, nusu leo nusu baadaye, hiyo "baadaye" iandikwe tarehe. Chumba cha kulala, chakula, nauli ya kurudi nyumbani ligi ikisimama, navyo viandikwe kama umeahidiwa. Mkulima wa Newala au Tandahimba akipeleka korosho zake chama cha msingi haondoki bila stakabadhi yenye kilo na tarehe, hata kama karani ni mtoto wa dada yake. Miguu yako nayo ni mavuno ya mwaka mzima.

Soma kwa utulivu penye matibabu. Nani analipa ukiumia goti, na mshahara unaendelea kwa muda gani ukiwa nje? Kijana mmoja niliyemsomea alikuta mstari unaosema mkataba utakuwa halali akifaulu vipimo vya afya baada ya kusaini. Huo ukatae. Kanuni za FIFA haziruhusu uhalali wa mkataba kusubiri vipimo. Timu ikupime kwanza, isaini baadaye.

Sasa jambo linalochanganya wengi: kuhamishwa. Ukisaini, usajili wako uko kwa timu, na timu inaweza kukufanyia moja ya mambo matatu. Inaweza kukubakiza kikosini. Inaweza kukutoa kwa mkopo. Inaweza kukuacha. Kuuzwa kupo pia, ila kwa ngazi yetu ni nadra, na kunahitaji wewe ukubaliane na timu mpya masharti yako.

Mkopo una karatasi yake, na wewe unasaini. Uliza mambo mawili: nani ananilipa, na narudi lini. Kwa kawaida ya kanuni, ukiwa kwa mkopo wajibu wa timu mama, ile yenye mkataba wako, unasitishwa mpaka urudi, isipokuwa mmeandika vinginevyo. Maana yake timu unayoenda ndiyo inayokulipa, na kama ni timu isiyo na mfuko, utakaa na njaa huku mkataba wako mzuri umelala kwenye faili. Kama timu mama itachangia nusu ya mshahara, iandikwe. Mkopo hauvuki mwaka mmoja kwa mara moja, na timu iliyokukopa hairuhusiwi kukukopesha kwa mwingine.

Hesabu pia timu zako. Ndani ya msimu mmoja unaweza kusajiliwa na timu zisizozidi tatu, lakini mechi rasmi unacheza kwa mbili tu. Ukianza na timu moja mwezi wa nane, ukahamia nyingine dirisha dogo na kucheza kote kuwili, wa tatu akija na fedha nono mwambie asubiri msimu ujao. Na kama mkataba wako bado una zaidi ya miezi sita, usikae mezani kusaini kwingine bila timu yako kujua. Ikibaki miezi sita au pungufu, una ruhusa ya kusaini mkataba wa mbele, utakaoanza huu ukiisha.

Kuachwa kuna hatari yake. Usikubali kuambiwa kwa simu kwamba "jina lako halipo". Dai barua ya kuachiliwa yenye tarehe, mhuri na saini, na kama mkataba ulikuwa haujaisha, makubaliano ya kuuvunja yataje kiasi unacholipwa. Bila barua hiyo timu mpya itahangaika kukusajili, na dirisha halimsubiri mtu.

Na wewe ukitaka kuondoka? Usifikiri kurudisha fedha kunatosha. Desemba 2022 Feisal Salum aliingiza fedha kwenye akaunti ya Yanga akitaka kuvunja mkataba. Mwezi uliofuata kamati ya TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, iliamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga, na alikwenda Azam katikati ya 2023 baada ya klabu zenyewe kuelewana. Yule ni nyota wa taifa na bado alikaa nje miezi.

Njia iliyo wazi zaidi kwa mchezaji ni pale mshahara usipolipwa. Kanuni za FIFA zinasema miezi miwili ikipita bila kulipwa, unaiandikia timu barua ya madai na kuipa siku 15 zilizo kamili. Zikipita bila malipo, una sababu halali ya kuvunja mkataba. Usiruke hatua. Barua iwe na tarehe, taja miezi unayodai na kiasi, toa nakala mbili, na anayepokea asaini "imepokelewa" kwenye nakala yako. Usiache kambi kabla ya siku hizo kuisha, maana utaitwa mtoro na kesi itageuka. Tunza vizuri ujumbe wa malipo ya simu na taarifa za benki. Ndizo zitakazoonyesha mwezi gani ulilipwa na upi hukulipwa. Shauri likifika TFF, husikilizwa na kamati yake inayoshughulikia hadhi za wachezaji, na kamati inasoma karatasi.

Nakala ya mkataba ni haki yako, yenye saini zote mbili, siku ileile. Ipige picha kurasa zote kabla hujatoka mlangoni, mtumie mjomba, mtumie mama. Kama ofisi haina mashine, ambatana na katibu mpaka dukani. Hapa kwangu kopi ya mkataba wa mchezaji sitozi hela.