Mipaka, Mashahidi na Mafungu: Kufuatilia Ukoo wa Pwani katika Hati za Ardhi na Mirathi

Mtu wa Unguja, Pemba au Mombasa anayetaka kuujua ukoo wake hufika kizazi cha tatu kwa kumbukumbu za wazee, kisha hukwama. Hapo ndipo hati za ardhi zinapofaa, kwa sababu katika pwani hii shamba la minazi na nyumba ya mawe viliuzwa, viliwekwa rahani na kurithiwa kwa maandishi hata kabla ya Mwingereza kutangaza himaya yake juu ya Zanzibar mwaka 1890. Kosa la wengi ni kulisaka jina la babu peke yake. Mara nyingi jina la mwenye mali ndilo linaloeleza machache kuliko yote katika hati, na mengi utayapata katika mipaka, mashahidi na mafungu ya warithi.

Kabla ya kwenda popote, andika jina la unayemtafuta, la baba yake na la babu yake, pamoja na nisba, yaani jina la kabila au la mji wa asili, kama ipo, na jina la shamba au mtaa kama wazee wanavyolitamka. Waeleze jamaa mapema kwamba unatafuta nasaba, hutafuti mali. Zanzibar ardhi ilitaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 na mashamba mengi yakagawiwa watu eka tatu tatu, kwa hiyo hati ya 1910 haitakurudishia mkarafuu hata mmoja. Hata hivyo, ukianza kuulizia karatasi bila maelezo, wapo watakaofunga midomo na masanduku yao.

Kwa Zanzibar, pa kuanzia ni Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, zenye kumbukumbu za usajili wa hati, za mahakama na za wakfu. Wakopeshaji wengi walikuwa Wahindi waliohesabiwa kuwa raia wa Uingereza, na mikataba yao ilisajiliwa kwenye ubalozi mdogo wa Kiingereza. Basi ukijua babu alikopa kwa nani, tafuta pia kwa jina la mkopeshaji. Kwa pwani ya Kenya, muhimu ni Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, iliyowataka wenye kudai ardhi katika ukanda uliokuwa chini ya Sultani wapeleke madai yao yasikilizwe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Serikali. Wamijikenda wengi hawakupata hati kwa njia hiyo, kwa hiyo jina kukosekana katika daftari si dalili kwamba mtu hakuwepo mahali pale.

Ukipata hati, soma kwanza mipaka. Hati ya zamani hutaja pande nne, na ukikuta neno kibla jua kwamba kwetu ni upande wa kaskazini, ulipo mji wa Makka. Kila upande hutajwa jirani kwa jina lake, na majirani hao mara nyingi ni ndugu au binamu, kwa kuwa shamba moja kubwa likishagawanywa kwa mirathi huwa vipande vinavyopakana. Chora ramani ndogo, andika majirani wote, kisha tafuta hati zao pia. Mashahidi nao waandikwe, maana shahidi wa leo huenda akawa mwoaji au wasii katika karatasi ya miaka kumi baadaye.

Neno "ameuza" lisikutie huzuni upesi. Mauzo mengi ya karne ya 19 yalikuwa bei ya khiyari: mtu huuza shamba kwa sharti la kulikomboa kwa muda uliowekwa, na kwa hakika ulikuwa mkopo uliovikwa joho la mauzo. Koo kadhaa zinamlaumu babu aliyeuza urithi ilhali hati ya ukombozi imelala kurasa chache mbele.

Tarehe za Hijria zigeuzwe kwa uangalifu. Zidisha mwaka kwa 0.97, ongeza 622, nawe utakaribia: mwaka 1314 huangukia 1896 hadi 1897. Fedha pia husaidia hati isipokuwa na tarehe, kwa kuwa Zanzibar ilitumia rupia mpaka 1936, shilingi ilipochukua nafasi yake. Majina yaliyoandikwa na makarani wa Kiingereza yatafute kwa kila namna ya tahajia. Seif atakuwa Saif, na Mohamed atakuwa Mahomed.

Wenye mababu waliokuwa watumwa watakutana na ugumu zaidi, kwani mtumwa huandikwa kwa jina moja, kama Mabruki au Feruzi, pamoja na kabila na jina la bwana wake. Amri ya kukomesha utumwa Zanzibar ilitolewa mwaka 1897, na masuria wakaingizwa katika ukomeshaji huo mwaka 1909. Mwandame bwana ili umpate mtu wako: aliyeachwa huru huenda akatajwa katika wasia wa bwana, au katika mipaka ya shamba lake.

Karatasi za mirathi ndizo tamu kuliko zote, kwa kuwa fungu lenyewe husema uhusiano. Mjane hupata thumuni, yaani sehemu moja ya nane, marehemu akiacha watoto, na robo asipoacha. Wajane wakiwa wawili, hugawana fungu hilo hilo. Chukua mali iliyogawanywa mafungu 80. Wajane wawili watapata 5 kila mmoja, wana wawili 28 kila mmoja, na binti mmoja 14. Basi ukimkuta mwanamke akiuza mafungu 14 katika 80 ya shamba lile lile, una sababu ya kumdhania kuwa binti hata kama karani hakuandika hivyo, na utamthibitisha kwa hati nyingine. Mrithi akifa kabla ya kugawanywa, fungu lake hugawanywa tena kwa warithi wake, na hesabu hiyo ndefu inayowachosha mawakili inakupa vizazi viwili kwa ukurasa mmoja.

Mwisho uliza juu ya wakfu, hususan uliowekewa dhuria, yaani kizazi, cha mweka wakfu, kwa Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ikiwa ni Zanzibar. Wanaonufaika wakigombana, kila upande hulazimika kuthibitisha nasaba yake mbele ya kadhi, na faili la ugomvi wa aina hiyo huweza kuwa na shajara nzima ya ukoo pamoja na ushahidi wa wazee waliokwisha kufa. Nakili namba ya faili na ya ukurasa kabla ya kulirudisha.