Kusogeza springi za nyuma ndani: timazi kwanza, grainda baadaye

Magari ya zamani kama Ford Escort na Datsun 1200 yana springi za majani nyuma, nazo zimepita karibu na tairi. Ukivisha tairi pana bila kutanua bodi, ubavu wake unasugua springi. Dawa ni kuzisogeza ndani. Gereji ya kawaida pale Changamwe inaiweza kazi hii, mradi sakafu iwe ya simiti na iwe sawa. Kwenye mchanga usianze.

Hatua ya 1: Kagua chuma

Chumvi ya bahari hapa Mombasa inakula chesisi kutokea ndani, kwa hiyo rangi nzuri isikudanganye. Gonga kwa nyundo ndogo pale hanga mpya (kishikio cha springi kwenye chesisi) itakapokaa. Chuma kizima kinalia. Kilicholika kinatoa sauti butu na unga mwekundu unamwagika matunduni. Kata pote palipooza, uchomelee chuma kipya. Jicho la mbele la springi ndilo linalosukuma gari ukikanyaga mafuta na kulizuia ukifunga breki, kwa hiyo hapo pasiwe na mzaha.

Hatua ya 2: Pima

Gari likiwa bado chini, pima pembe ya mdomo wa difu (pale propela, shafti ndefu ya kutoka giaboksi, inapofungwa) uiandike. Kisha pandisha kwenye stendi, chesisi iwe levo. Angusha timazi kutoka kila bolti ya springi, mbele na nyuma, na kutoka ncha mbili za ekseli. Tia alama sakafuni kwa chaki, halafu vuta uzi wa katikati ya gari. Alama hizo usizifute mpaka kazi iishe.

Hatua ya 3: Amua unasogeza kiasi gani

Sogeza kile tairi inachodai, usizidishe. Springi zikikaribiana, gari linalala zaidi kwenye kona: zikiwa milimita 1,000 kati yao, ukazileta 900, uwezo wake wa kuzuia mlalo unashuka kwa asilimia 19. Tazama pia ekzosi, tangi, shokabu na waya ya handbreki.

Hatua ya 4: Shikiza, pima tena, ndipo uchomelee

Toa tangi la petroli nje kabisa, chomoa betri, mwaga oili ya difu, na utoe shafti za magurudumu ili sili zisiungue. Hanga za mbele na za shako (kiungo kinachobembea nyuma ya springi) zishikize kwa nukta chache tu za welding. Funga springi, viti vya ekseli (vibao ambavyo springi inafungwa navyo kwenye ekseli) vikiwa bado huru. Sasa pima ulalo: kutoka bolti ya mbele kulia hadi kiti cha ekseli kushoto, kisha kinyume chake. Tofauti ikipita milimita 3, vunja nukta urudie. Shusha uzito wa gari juu ya ekseli, rudisha pembe ya difu uliyoandika, ushikize viti.

Welding ya ekseli mpe fundi mwenye mkono. Achome vipande vifupi, mara kulia mara kushoto, yaani abadilishe upande kila mara na kuacha bomba la ekseli lipoe. Moto ukizidi sehemu moja, ekseli inapinda na vipimo vyote vimepotea.

Hatua ya 5: Kufunga

Yubolti (bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli) ziwe mpya, zikazwe kwa msalaba. Bolti za bushi zikaze gari likiwa limesimama kwa uzito wake, la sivyo bushi zinajinyonga na kupasuka mapema. Paka praima ya zinki, na nta ndani ya chesisi.

Kaza yubolti tena baada ya kilomita 100 hivi. Gari likivuta upande, rudi kwenye ulalo; propela ikitetema, rudi kwenye pembe ya difu.