Mwanga mmoja kwa mwezi: mazoezi ya mpiga picha wa Dar

Mpiga picha wa harusi na sendofu akiona kazi zake zote zinafanana, wazo la kwanza huwa kununua lenzi mpya. Mara nyingi kinachofanana ni mwanga. Mchana maharusi wamekunja macho juani, usiku wamegeuka zambarau ukumbini. Lenzi moja ya 50mm f/1.8 (namba ya f ni upana wa tundu la lenzi) inatosha kabisa kwa mazoezi haya. Chagua mwanga mmoja, kaa nao mwezi mzima.

Anza na mchana, maana ndio unaowashinda wengi. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu katikati ya Oktoba, jua la Dar hupita utosini kabisa baada ya saa 6 mchana, na macho ya mtu yanageuka mashimo meusi. Hata miezi mingine, kuanzia saa 5 hadi saa 9 usipambane nalo. Tafuta kivuli kilicho wazi upande mmoja: kibaraza, ubavu wa ghorofa, ukingo wa mwembe. Msimamishe mteja hatua moja tu ndani ya mstari wa kivuli, uso ukielekea nje angani. Mtazame machoni. Ukiona kidoa cheupe kwenye mboni zote mbili, bonyeza. Akirudi ndani hatua tano, kidoa kinapotea na uso unafifia.

Chini ya mti, jihadhari na madoa ya jua yanayopenya kwenye majani. Yakitua shavuni, kuyaondoa wakati wa kuhariri ni kazi ya kuumiza kichwa, na mara nyingi yanaacha alama. Jihadhari pia na rangi za jirani. Turubai la bluu huwafanya watu waonekane wagonjwa, nyasi hutia ukijani chini ya kidevu, ukuta uliopakwa rangi kali huhamia usoni. Saruji na mchanga mweupe ni rafiki zako kwa sababu hurusha mwanga kutoka chini hadi chini ya nyusi. Kama hakuna, chukua stairofomu (lile povu gumu jeupe) ya boksi la friji, kama sentimita 60 kwa 90, mtu aishike usawa wa kiuno cha mteja.

Kuhusu Coco Beach: ufukwe unatazama mashariki. Jua huchomoza baharini kati ya saa 12 kasoro kidogo na saa 12:40 asubuhi, kutegemea mwezi, na jioni huzama nyuma yako, upande wa mjini. Mteja anayetaka jua likizama majini hapo hatalipata. Mweleze mapema, kisha mpe kitu kizuri zaidi: kuanzia saa 11 jioni, mgongo wake ukiwa baharini, mwanga laini unampiga usoni. Usichelewe, giza letu huingia haraka.

Sasa ngozi. Kamera hupima mwanga ikidhani kila inachokiona ni kijivu cha wastani. Uso mweusi ukijaza fremu, itaupausha. Shela likijaza fremu, itatia giza kila kitu, uso ukiwemo. Pima kwa doa, yaani kamera ipime sehemu ndogo tu, kwenye shavu lenye mwanga, halafu shusha theluthi mbili hadi stopu nzima (kushusha stopu moja ni kupunguza mwanga nusu) kwa ngozi nyeusi sana. Kwa maji ya kunde, sifuri au theluthi moja inatosha. Hakikisha kwenye histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kamera, kwamba shela halijagonga ukingo wa kulia. Jasho libonyeze kwa tishu bila kusugua, vipodozi visitoke.

Ukumbini tatizo ni tofauti. Umeme wetu ni wa hezi 50, hivyo taa nyingi za LED hupepesa mara 100 kwa sekunde. Tumia spidi ya shata ya sekunde 1/50 au 1/100. Ukipanda hadi 1/250 unaweza kupata mistari ya giza katikati ya picha. Taa za bluu na zambarau ni mbaya zaidi, kwa kuwa rangi ya ngozi haifiki kwenye kamera kabisa na kuhariri hakutairudisha. Dawa ni kumfuata fundi taa kabla wageni hawajaingia, kwa heshima, na kumwomba mwanga mweupe kwa nyakati tatu: maharusi kuingia, kukata keki na kulishana. Wengi hukubali.

Kurusha flashi darini hakusaidii pale dari lilipo juu sana au limefunikwa vitambaa vya rangi. Weka flashi moja kwenye stendi, mita 2 hivi kwenda juu, ikiwa na mwavuli mweupe, pembeni ya meza ya keki kwa nyuzi 45. Funga mfuko wa mchanga kwenye mguu wa stendi, watoto hukimbia. Anza na ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) 1600, f/4, 1/100, nguvu ya flashi 1/16. Umbali ukiongezeka mara mbili, mwanga unabaki robo, kwa hiyo jaribu pale pale watakaposimama. Nyuma kukiwa giza, pandisha ISO na upunguze flashi.

Ukitoka kwenye kiyoyozi kwenda nje, lenzi hufunga ukungu. Iache ndani ya begi lililofungwa kwa dakika 20 au 30.

Kwa upangaji wa fremu, nenda ukaangalie michoro ya Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay. Edward Said Tingatinga, mchoraji aliyeanzisha mtindo huo, mara nyingi alijaza ubao kwa mnyama mmoja na kuacha nyuma patupu. Rudi ujaribu hivyo na bibi harusi: ukuta mtupu, mtu mmoja, mikono ionekane yote.

Kila mwisho wa mwezi chagua picha 12 tu, zichapishe kwa ukubwa wa 4R (inchi 4 kwa 6) na uzibandike ukutani kwa wiki moja. Ile unayoichoka siku ya tatu, itoe. Na katika kila kazi ya kulipwa, ukishamaliza picha ambazo familia inazitarajia, omba dakika 10 za jaribio lako, ukiwaambia maharusi wazi kwamba hizo ni za ziada wala hazina gharama.