Betri ya gari-nyumba haishiki chaji? Pima viungo kabla ya kununua nyingine

Gari-nyumba huwa na betri mbili za volti 12: ya kuwashia injini, na ya nyumba inayolisha taa na pampu ya maji. Taa zikififia, lawama huangukia betri. Lakini kama kosa liko kwenye nyaya, betri mpya nayo itakufa vilevile.

Zima kila kitu, acha betri itulie saa kadhaa bila chaji, kisha gusisha ncha za multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye nguzo zake. Kwa betri ya risasi na asidi, volti 12.7 maana yake imejaa, 12.2 iko nusu hivi. Ikikaa chini ya 12.0 kwa wiki kadhaa, salfeti huganda kwenye sahani zake na uwezo uliopotea haurudi wote. Betri ya lithiamu usiihukumu kwa vipimo hivi, kwa sababu volti zake hazishuki sana mpaka ikaribie kuisha.

Sasa washa injini. Volti za betri ya nyumba zipande kufikia 13.8 hadi 14.4. Betri ya injini ikipanda na ya nyumba ikabaki palepale, kagua fyuzi za waya unaoziunganisha, halafu rilei, yaani swichi inayojifunga kwa umeme. Baadhi ya magari mapya hupunguza makusudi volti za alteneta, jenereta inayozungushwa na injini. Hayo huhitaji chaja maalumu kati ya betri mbili, rilei peke yake haitoshi.

Kiungo chenye kutu ni mwongo mkubwa. Bila mzigo kitakuonyesha volti 12 safi, kwani multimita haivuti umeme wa maana. Kwa hiyo washa taa zote na pampu, kisha weka ncha moja kwenye nguzo ya betri na nyingine kwenye kichwa cha waya kilichoibana. Zaidi ya volti 0.1 hapo ni kosa. Endelea hivyo kwenye kila fyuzi na swichi, na usisahau upande wa hasi, pale waya unapofungwa kwenye bodi ya gari: rangi na kutu hujificha chini ya boliti. Volti 0.5 zikipotea kwenye ampea 20 ni wati 10 za joto, na chaja ya 14.4 itafikisha 13.9 tu.

Kusafisha: fungua hasi kwanza, sugua kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae, kaza, ndipo upake grisi. Hasi irudi mwisho.

Gari likiegeshwa, pima mvuto wa siri, yaani umeme unaoliwa hata kila kitu kikizimwa: multimita kwenye ampea, kati ya nguzo ya hasi na waya wake, kila kitu kikiwa kimezimwa (ukiwasha pampu, fyuzi ya multimita inaweza kuungua). Miliampea 50 hula ampea-saa 36 kwa mwezi. Betri ya ampea-saa 100 itakuwa imefika karibu nusu ndani ya siku 40, kwa hiyo ondoa waya wa hasi au acha chaja ya kudumisha, ya volti 13.5 hivi.